Friji Nyuma ya Pazia

Jamani wa mtaa huu, na nyinyi wa mitaa ya jirani, hebu tulieni kidogo. Nina habari ya nyumba moja. Msiniulize ni nyumba ipi. Mkisikiliza mpaka mwisho, kila mmoja wenu ataikuta karibu na kwake, na wengine mtaikuta humo humo mnamolala.

Ilikuwa nyumba ya amani, tena amani ya kweli, si ile ya kuigiza mbele ya wageni. Ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza cha saruji. Watoto walikuwa wameshakua na kwenda na njia zao, wakabaki mume na mke waliozoeana kiasi cha kujua nani atakohoa kwanza asubuhi. Alasiri moja mke alikuwa kibarazani akikunja nguo za watu alizozifua tangu alfajiri. Mume alikuwa ndani akipanga chupa kwenye friji na kuimba wimbo ambao hakuyajua maneno yake, basi akawa anaimba "na-na-na" tu, na mke anacheka peke yake.

Mume aliitwa Baridi, kwa sababu aliuza soda, maji na barafu kupitia dirisha la chumba cha mbele. Mke watu walikuja kumwita Mama Nyuzi. Sababu yake mtaiona, lakini acheni tumwite hivyo tangu sasa.

Na friji nayo ilikuwa na jina. Ilikuwa kubwa, ya zamani, imevimba ubavuni, na Baridi aliirithi kwa marehemu mama yake. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika, kwa hiyo mlango ulifungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Haikupumzika usiku wala mchana. Ilikohoa, ikatetemeka, ikanguruma, na mgongo wake ulipata moto hata Mama Nyuzi akawa anaanika soksi pale siku za mvua. Waliiita Babu. "Babu kaamka vibaya leo," mke angesema, na mume angejibu, "Mwache, uzee huo."

Alasiri hiyo ndipo gari lenye kipaza sauti lilipoingia mtaani.

Aliyekuwa akisema ndani yake alikuwa binti wa shirika la umeme, na alisema vizuri. Alisema nchi ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kujenga mtambo mwingine wa umeme kwa fedha nyingi mno, halafu kila mwaka kununua mafuta ya kuuendesha. Ya pili ni kutumia fedha chache kuliko hizo kuondoa majumbani friji kuukuu zinazokula umeme ovyo. Nchi imechagua ya pili. Lete friji yako ya zamani, iwe bado inafanya kazi, upewe mpya isiyokula umeme. Wewe utachangia kidogo, serikali italipa kubwa. Umeme utakaobaki hautalala bure. Jioni utapelekwa viwandani. Kiwanda cha nguo kimeshaahidiwa, na kitafungua zamu ya pili.

Watu walipiga vigelegele waliposikia "mpya". Walipiga tena waliposikia "utachangia kidogo". Hayo mengine yaliwapita kando. Lakini Mama Nyuzi alikuwa ameshika shati la mtu mikononi, na neno alilolisikia yeye ni zamu ya pili.

Naomba mwelewe huyu mama alikuwa anataka nini. Alikuwa amefua nguo za watu maisha yake yote ya ndoa. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa sabuni. Hakuwahi kuwa na kazi yenye saa ya kuingia na saa ya kutoka, yenye sare, yenye mtu wa kumwambia "kesho usikose". Aliitaka kazi ile kuliko alivyotaka friji yoyote. Wiki ile ile alikwenda kuandikisha jina kiwandani.

Sasa tumgeukie Baridi. Hakuwa mtu mbaya, na wala sitaki mumchukie, ila tamaa ilimshika shati. Mtaani kulikuwa na fundi wa friji aliyeitwa Fundi Gesi, mtu wa maneno mengi na bisibisi sikioni. Alipoona mpango umeanza, alikwenda kwa wauza vyuma chakavu akanunua friji zilizokufa, akazileta kwenye kibanda chake na kuzipanga ukutani. Watu waliziita maiti. Alizitia gesi kidogo na kuzifungafunga waya, zikawa zinaweza kunguruma kwa muda wa ukaguzi. Wakaguzi wakigeuka, zinakata roho tena.

Jioni moja aliileta maiti moja kwa Baridi kwa mkokoteni.

"Hii ndiyo mtakayowapa," alisema. "Babu wenu anabaki. Mpya inakuja. Bwana Baridi, umeula!"

Mama Nyuzi alisimama mlangoni. "Baba, si wamesema turudishe ile tunayoitumia?"

"Wamesema inayofanya kazi," Baridi alijibu, meno yote nje. "Na hii itafanya kazi. Mpaka waondoke."

"Na Babu?"

"Babu atahamia chumbani kwetu, nyuma ya pazia. Nikiwa na friji mbili, mke wangu, moja soda, moja barafu, nani ataniweza mtaa huu?"

"Lakini umeme huo ndio wa zamu yetu, baba."

Baridi alicheka sana, akampiga fundi begani. "Friji moja! Nchi nzima itazimika kwa sababu ya friji moja? Hebu niambie, mke wangu, wewe umekuwa waziri lini?"

Fundi Gesi naye akaangua kicheko. Mama Nyuzi alijisikia mjinga, akarudi jikoni. Jamani, mara ngapi tumemcheka mtu akanyamaza, na baadaye tukatamani angepiga kelele?

Mkaguzi alikuja kesho yake asubuhi. Alikuwa ni yule yule binti wa kipaza sauti, amevaa koti la kazi lililomzidi mwili. Maiti ilikuwa sebuleni ikinguruma kwa shida. Babu alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, amechomolewa, amefunikwa mashuka, na juu yake wamerundika mablanketi na sanduku. Lakini Babu alikuwa na barafu ya miaka tumboni. Alipochomolewa, barafu ilianza kuyeyuka, na maji yakaanza kutambaa taratibu kutoka chini ya pazia kuelekea sebuleni.

Mama Nyuzi aliyaona. Aliangusha kitambaa cha kudekia, akakikanyaga, akawa anapangusa kwa mguu huku akimtazama binti usoni.

"Mama, hii ndiyo mliyokuwa mkiitumia?" binti aliuliza kwa upole.

Baridi alitazama dari. Jibu likabaki kwa mkewe.

"Ndiyo," alisema.

Binti aliandika, akamshukuru, akamtakia siku njema. Maiti ikapakiwa garini. Friji mpya ikashushwa, ndogo, nyeupe, kimya hata wakadhani haijawaka. Na kabla gari halijafika mwisho wa barabara, Babu alikuwa amechomekwa tena na anakohoa.

Basi zamu ya pili ikafunguliwa, na Mama Nyuzi akaitwa.

Mimi napenda kuieleza sehemu hii, kwa hiyo msinikatishe. Ukumbi wa kiwanda ulikuwa mrefu, taa nyeupe zimening'inia kwa safu, na chini yake vyerehani vya umeme, mstari baada ya mstari, kila kimoja na mwanamke wake. Mama Nyuzi alipewa mkasi mdogo na kazi ya kukata nyuzi zilizobaki kwenye mishono. Mikono iliyozoea kusugua ikajifunza kunyofoa uzi bila kugusa kitambaa. Alirudi nyumbani na vipande vya nyuzi kwenye nywele, mabegani, hata kwenye kope. Ndipo akapata jina. Alilipenda. Baada ya muda msimamizi alimwambia, "Mama Nyuzi, wewe ndiye utakayewafundisha wapya," na jioni hiyo alitembea barabarani kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Zamu ikiisha, wanawake walitoka kwa makundi wakicheka, na njia yao ilipita mbele ya dirisha la Baridi. Hapo walisimama. Huyu soda, yule maji ya baridi, yule barafu ya kupeleka nyumbani. Baridi hakuwahi kuuza namna ile. Friji zote mbili zilijaa na zilitapika. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Na Babu yupo, na zamu ipo. Nani aliyeumia?"

Mama Nyuzi alianza kudhani mumewe alisema kweli.

Kisha likaja joto.

Lilikuwa joto la kuamka umelowa. Kila nyumba iliyokuwa na friji mpya sebuleni na ya zamani nyuma ya pazia, na kwa maiti za Fundi Gesi zilikuwa nyingi, ilizijaza zote, na jioni watu wakarudi makwao wakawasha na mapangaboi. Kiwandani, mara tu jua lilipozama, taa zilianza kuwa za manjano. Vyerehani vilipungua nguvu. Sindano ikawa inaruka mishono, mota zinaguna na kunuka. Mara umeme unazima kabisa, na wanawake wanakaa gizani mikono mapajani. Mashati yaliyoharibika yakarundikana kwenye kona. Msimamizi aliacha kuwatania.

Shirika la umeme lilishangaa. Kwa hesabu zao mji ulikuwa umerudisha friji kuukuu kwa mamia, zote zimeandikwa zilikuwa hai, na matumizi yalipaswa kushuka. Hayakushuka hata kidogo.

Mama Nyuzi alirudi nyumbani, akalala, na upande wa pili wa pazia Babu alinguruma. Aliusikiliza mngurumo ule. Akajua ni ule ule unaokosekana kwenye mota za kiwandani.

"Baba," alisema, "mzime Babu jioni tu. Saa za zamu."

"Jioni ndiyo biashara yenyewe!"

"Taa zinashuka. Watafunga."

"Na wenzetu wote watazima? Nizime mimi peke yangu, nikose mimi peke yangu? Lala, mke wangu. Umechoka."

Na ni kweli alikuwa amechoka. Aligeukia ukutani. Kuanzia hapo kitu ndani yake kilianza kufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Alikwenda kazini, akakata nyuzi, akarudi. Akisemeshwa alijibu. Hakuuliza tena.

Siku waliyoitwa ukumbini, kila mtu alijua kabla ya kuambiwa. Meneja alipanda juu ya kreti. Alikuwa mtu mzima asiyependa kelele, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha.

"Mama zangu, dada zangu," alisema, "mteja wetu mkubwa amevunja oda. Hawezi kungoja mashati yasiyofika. Zamu ya pili inakufa mwisho wa wiki hii." Akapangusa uso. "Mimi sielewi. Tuliahidiwa umeme wa friji zilizorudishwa. Friji zilirudishwa. Wengi wenu mlizirudisha nyinyi wenyewe, na mlifanya la maana. Sasa umeme huo umekwenda wapi? Kuna mtu anayeweza kunisaidia nielewe?"

Ukumbi mzima, mstari baada ya mstari, wanawake walitazama sakafu. Meneja alidhani ni huzuni. Shoga yake Mama Nyuzi, aliyekaa naye bega kwa bega tangu siku ya kwanza, alinong'ona bila kuinua uso, "Babu wa kwangu yuko jikoni. Nimemfunika gunia." Mwanamke wa nyuma yao akasema, "Kwangu yuko chini ya ngazi." Mama Nyuzi alitaka kusema wake yuko wapi. Mdomo haukufunguka.

Alitaka kulia pia, ili walau ajue ameumia. Machozi hayakuja. Alitazama vidole vyake, vilivyokuwa vimeanza kupona sabuni, na akaona kama ni vya mtu mwingine.

Jioni ya mwisho alirudisha mkasi. Njiani wanawake hawakucheka. Baridi alikuwa ameweka chupa tayari dirishani, zinatoka jasho la baridi, na alipowaona alipaza sauti, "Karibuni, karibuni, leo barafu tele!" Walimpita kimya, mmoja mmoja.

Alimtazama mkewe akiingia. "Wateja wangu wamekwenda wapi leo?"

"Ndio hao wanaopita," alijibu.

Baridi alibaki ameshika chupa mpaka ikapata joto mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba fedha iliyoingia dirishani kwake ilikuwa ikitoka kwenye zamu ile. Baada ya hapo soda zilikaa friji zote mbili wiki nzima bila kuguswa. Mama Nyuzi akarudi kuzunguka majumbani kuuliza nani ana nguo za kufua, na nyumba nyingi zilimwambia siku hizi wanafua wenyewe.

Baadaye kiwanda chote kikafungwa, malori yakaja kuchukua vyerehani. Vilikuwa vinapelekwa mji mwingine, ambako watu walirudisha friji zilizo hai na umeme wa jioni ulikuwepo. Mama Nyuzi alisimama kando ya barabara akavitazama vikipakiwa. Aliulizwa kama amekuja kumuaga mtu, akasema hapana.

Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja nyuma ya pazia, akamchomoa Babu. Baridi alimwona, akaenda mwenyewe kuazima mkokoteni. Mume na mke walimsukuma Babu mchana kweupe, maji yakidondoka njia nzima, na watu waliokaa mabarazani walijifanya wana shughuli nyingine. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alijua kilichofunikwa kwake.

Kwenye yadi ya kukusanyia walimkuta yule binti wa koti kubwa. Alikuwa akifunga geti.

"Zoezi limekwisha, mama," alisema. Kisha akamtambua. "Lakini nyinyi si mlisharudisha?"

"Ile ilikuwa maiti," Mama Nyuzi alisema. "Hii ndiyo yenyewe."

Binti alimtazama Babu, akaitazama ile tyubu ya baiskeli, akayatazama maji chini.

"Siku ile niliyaona maji chini ya pazia," alisema. "Nikajiambia, mama huyu kamwaga maji ya kudekia. Ulisema ndiyo, nikakuamini." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchovu tu. "Kazi yangu nayo inaisha mwezi huu. Wamesema mpango haukuleta faida."

Mama Nyuzi alitikisa kichwa. Walimwacha Babu pale hata hivyo, afunguliwe, gesi itolewe na chuma kiyeyushwe, wakarudi na mkokoteni mtupu.

Jua likazama. Zilikuwa saa za zamu. Mama Nyuzi aliinuka kitandani, akavaa sare, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kuketi kwenye kiti cha sebuleni. Alikaa hapo mikono mapajani. Baridi alisimama mlangoni akamwangalia, akashindwa kumwambia avue. Akafanya alichoweza: aliwasha taa ili mkewe asikae gizani.

Taa iliwaka vizuri. Ilikuwa nyeupe, imetulia, haikutetemeka hata mara moja. Baridi aliishangaa.

"Umeme leo mzuri," alisema.

"Mzuri," mkewe alijibu, akiitazama. "Kiwanda kimezima."

FUNZO

Jamani, nimemaliza, na sitaki mtu aondoke akisema hii ni habari ya friji.

Nchi inapotumia fedha zake kuondoa vyombo vinavyokula umeme bure, haigawi zawadi. Inajenga mtambo wa umeme usio na bomba la moshi, usiohitaji mafuta ya kununua nje, na mtambo huo unajengwa ndani ya nyumba zetu. Umeme unaookolewa sebuleni kwako ndio unaozungusha cherehani cha jirani yako. Cherehani kikizunguka kuna mshahara, na mwenye mshahara ndiye anayesimama dirishani kwako kununua. Serikali nayo inabaki na fedha ya kufanya jambo jingine badala ya kununua mafuta. Faida ni ya wote, na ni kubwa kuliko friji moja ya ziada.

Lakini mpango wa namna hii unasimama juu ya kitu kimoja tu, nacho ni ukweli wa kila nyumba. Baridi alisema ni friji moja. Kila nyumba ilisema ni friji moja. Tukirudisha maiti na kuficha zilizo hai, tunajiibia wenyewe, na mwizi na mwenye mali wanalala kitanda kimoja. Wewe uliyeona kosa ukanyamaza kwa kuogopa kuchekwa, nawe umo.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani leo, usinisifu kwa kusimulia. Nenda nyuma ya pazia lako, uchomoe.